Pita Kwenye Kiini

Mimi sijui kupamba maneno. Nitasema ilivyokuwa, na atakayeona namsingizia kaka yangu, shauri yake.

Jioni ile nilikuwa nafunga karakana. Kazi yangu ni kupasua magogo ambayo wenye mashine kubwa hawayataki: madogo, yaliyopinda, yenye mafundo. Kaka akaja na gogo begani, nene kama paja, limejikunja.

"Hili la kitanda cha mwanao," akasema. "Zawadi ya baba mkubwa."

Nilifurahi, sifichi. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, tuliyoihangaikia miaka sita. Shemeji, mke wa kaka, naye alikuwa mjamzito, lakini wiki ya pili ile mtoto hakuwa akicheza tumboni. Nikasema moyoni, huyu kaka ana roho nzuri, kumkumbuka wangu na hali aliyonayo.

Sasa, gogo dogo hulipasui katikati. Unatoa ubao huku, unaligeuza, unatoa kule, kiini unakiacha kizima. Ukikigusa, ubao wote unapasuka. Kaka anajua, yeye ndiye aliyenifundisha.

"Leo pita kwenye kiini," akanong'ona. "Ndipo ubao mpana unapotoka."

"Utapasuka, kaka."

"Pita tu. Na sukuma wewe, mimi mkono unaniuma."

Kwenye kichwa cha gogo niliona kizibo cha mti, gundi yake bado mbichi. Nikadhani kaziba tundu la mdudu. Mjinga mimi.

Msumeno ukaingia vizuri... kisha ukabadilika sauti, ukawa kama unakata kitu chenye maji. Harufu ikapanda. Haikuwa ya mti. Ilikuwa ya nywele zinazoungua.

Nikataka kuzima.

"Usisimame," kaka akasema polepole. "Maliza."

Nikamaliza.

Vipande viwili vikaanguka. Ndani palikuwa pamechimbwa. Mlikuwa na msuko wa nywele, na kipande cha kitambaa cha kichwa cha mke wangu, kile alichokitafuta wiki nzima. Vyote nilikuwa nimevikata kati kwa kati.

"Kaka, hiki nini?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Hakunitazama.

"Ilibidi ukate wewe," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Simu ikaita. Mama mkwe alikuwa analia, nikajua kabla hajasema.

Tulimzika mwanetu asubuhi. Mchana ule ule mtoto wa shemeji akaanza kucheza tumboni. Siku tisa baadaye akazaliwa mzima.

Mke wangu sijamwambia. Nianzie wapi, na aliyekata ni mimi? Akaona namchukia kaka bure, akanivuta twende tukamwone mtoto. Tukakaa sebuleni. Kaka akasema, macho chini, kwamba mtoto tangu azaliwe anakataa ziwa la mama yake na chupa anaitema.

Mtoto akalia chumbani.

Mke wangu akageukia mlango wa chumba. Blauzi yake ikalowa kifuani, pande zote mbili. Akainuka, akaingia chumbani bila kubisha hodi.

Kilio kikakatika.

Kaka akajifunika uso kwa mikono. Nami nikamsikia mke wangu, kule ndani, akinong'ona:

"Nimekuja, mwanangu."