Mchanga wa Paka

Hivi wewe, paka wako akiwa amekulalia miguuni, nyumbani hamna paka mwingine, ukasikia mchanga unakwaruzwa bafuni, utamwambia nani?

Fundi hakumwambia mtu. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa dirishani, na cherehani ilikuwa imenyamaza kwa sababu alikuwa akitafuta mkasi. Mimba yake ilikuwa na miezi mitano, na katika miezi hiyo watu walikuwa wamemshauri mengi mno hadi akazoea kutojiamini. Akasikiliza. Kwaru. Kwaru-kwaru. Kisha kimya, kama mtu aliyegundua kwamba anasikilizwa. Paka wake, jike mzee aliyeitwa Mstaafu kwa kuwa hakuwa na kazi wala haya, aliinua kichwa na kuelekeza masikio bafuni.

Fundi akaenda. Karai la plastiki lilikuwa mahali pake, chini ya sinki, na mchanga wake mkavu haukuwa umeguswa kwa siku tisa. Sasa katikati palikuwa na nyayo nne, kila moja ndogo kuliko kifungo cha shati. Za Mstaafu hazikuwa hivyo, na isitoshe Mstaafu alijisaidia nje, nyuma ya ua. Karai lilikuwa la mwanawe. Na mwanawe ndiye aliyepotea siku tisa zilizopita.

Siku alipopotea, Fundi alikuwa kliniki.

"Mama, nani kakwambia umfukuze paka?" mkunga alimuuliza.

"Wifi yangu. Anasema manyoya yatamwingia mtoto."

"Yatapitia wapi? Mlete huyo wifi nimchoree." Mkunga akacheka, halafu akaweka kalamu chini. "Kaa na paka wako. Shida iko kwenye kinyesi. Kuna vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, ila huchukua siku moja au zaidi kukomaa. Kwa hiyo mchanga autoe mtu mwingine, kila siku, asingoje ijae wiki. Akikosekana mtu, vaa glovu, kisha nawa kwa sabuni. Paka usimpe nyama mbichi, na yako wewe iive. Mboga osha vizuri. Basi. Mume unaye?"

"Ninaye."

"Mikono anayo?"

Fundi alicheka hadi akashika tumbo, na pale pale benchini akamwandikia mumewe ujumbe: *Mkunga kasema utoe mchanga wa paka. Usisahau mpenzi.*

Mumewe alikuwa msahihishaji wa miswada katika kiwanda cha uchapaji. Ndugu zake walimwita Nukta, kwa sababu hata salamu ya asubuhi aliweza kuitafutia kosa. Na lazima isemwe kwamba katika nyumba ile neno mchanga lilikuwa na maana mbili: mchanga wa karai, na mtoto mchanga. Mstaafu alizaa watatu, wawili wakachukuliwa na majirani, akabaki mmoja wa kijivu, na Fundi alizoea kujipapasa tumbo akisema, "Mchanga wa paka na mchanga wangu watakua pamoja." Jina hakumpa. Alitaka wapewe majina siku moja, wote wawili.

Jioni ile, aliporudi kutoka kliniki, Fundi hakumkuta yule wa kijivu.

"Dirisha la bafuni lilikuwa wazi," Nukta alisema, bila kuinua macho kwenye mswada. "Ulilifunga kabla ya kutoka?"

Fundi hakukumbuka, na asiyekumbuka ni rahisi kubebeshwa. Alilia. Kesho yake alipita mtaa kwa mtaa, miguu imevimba, akiita mbele ya maduka na chini ya magari. Nukta alimfuata nyuma amembebea mwavuli, na yeye pia akiita. Aliita kwa sauti nzuri tu.

Baada ya zile nyayo, mchanga ulianza kutembea. Asubuhi ulikuwa kwenye sukari. Mchana ukawa ndani ya cherehani, uzi ukakatika kila baada ya mishono mitatu. Kisha ikaja harufu ya karatasi ngumu iliyolowa, pamoja na gundi.

"Unasikia harufu hiyo?" Fundi aliuliza.

"Harufu gani? Sisikii kitu," Nukta akajibu, upesi kuliko ilivyohitajika.

Mstaafu aliacha kula. Kila siku saa nane alikwenda kukaa mbele ya karai, mgongo wake ukiwaelekea, mkia umetulia, kama mtu aliyepewa namba na anangoja kuitwa.

Jumamosi Nukta alikuwa nyumbani. Saa nane ilipofika, mkwaruzo ulianza bafuni kama kawaida, lakini safari hii haukukaa huko, ukatoka, ukaja ukumbini taratibu chini ya zulia, ukazunguka mguu wa meza, ukapanda kiti alichokalia Fundi bila kitu chochote kuonekana, na ukanyamaza. Na Fundi, ambaye mkono wake ulikuwa tumboni tangu asubuhi, akaukandamiza zaidi, kwa sababu mkwaruzo ulikuwa umeanza tena, ndani.

"Nishike," alinong'ona. "Mume wangu, nishike hapa. Mtoto hachezi. Anakwaruza."

Nukta aliweka kiganja. Chini ya ngozi ya mkewe kitu kidogo kilichimba, kikapumzika, kikachimba. Mstaafu akageuka kwenye mlango wa bafu, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, iliyochoka kwa kuuliza:

"Mchanga wangu yuko wapi?"

Fundi alisikia swali. Nukta, kwa mazoea ya kazi yake, alisikia herufi. *Yuko*. Haikusema *uko*.

Kesho yake wifi alimleta mganga. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kusomea na mkoba wa ofisini. Hakubeba ngoma wala chetezo. Alinusa ukumbi, akachukua mchanga kidogo, akausugua kati ya vidole.

"Huyu jini ni wa paka," alisema. "Amefuatana na jike huyu tangu zamani, na hakuwadhuru. Sasa mwana wa jike kachukuliwa, na jini atachukua mchanga aliye karibu."

"Mtoe, mama," wifi akasihi. "Tunakuomba."

"Sina dawa ya kumtoa. Anataka kuambiwa ukweli. Nani alimtoa mtoto wa paka humu ndani?"

"Mimi," Fundi akasema. "Niliacha dirisha wazi."

Tumbo lake likapigwa kwa ndani hata akashika meza kwa mikono miwili. Kwaru-kwaru-kwaru, wote wakasikia, na wifi akarudi nyuma hadi ukutani.

"Hapana, mwanangu. Wewe nyamaza. Hujafanya kitu." Mganga akatazama upande wa pili. "Bwana?"

Nukta alitoa simu mfukoni. Ujumbe aliupata haraka, maana alishausoma mara nyingi.

"Ni kosa la lugha," alisema. "Ona. Aliandika nitoe mchanga wa paka. Humu ndani mchanga wa paka ni yule mtoto. Nikaelewa hivyo. Nikamtoa."

"Ulimtoa wewe?" Fundi akauliza.

"Kwa kukosea, mke wangu. Nilimtia kwenye katoni ya karatasi, nikamwacha nyuma ya kiwanda, karibu na mapipa ya gundi. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nilikwenda kumtazama. Katoni ilikuwa imefungwa vile vile kwa gundi ya karatasi, imelowa. Nilipoifungua..." Akakohoa. Mchanga ukamtoka mdomoni, ukadondoka kwenye kioo cha simu, juu ya ujumbe. "Ilikuwa imejaa mchanga. Yeye hayumo."

Mkwaruzo haukupungua. Fundi alikuwa amejikunja, jasho linamtiririka shingoni.

"Kaka, sema!" wifi akalia. "Unaona anavyoumia!"

"Nimeshasema!"

"Umesema nusu," mganga akamwambia.

Fundi aliinua kichwa. Alizungumza polepole, kati ya pumzi na pumzi.

"Kama ulikosea, mbona ulisema dirisha?"

Nukta alifuta mchanga kwenye kioo cha simu.

"Siku zote hizi, Nukta. Nimeita chini ya magari na tumbo hili. Umenishikia mwavuli. Ujumbe wangu ulikuwa na kosa?"

Mstaafu alikuwa amefika. Alikaa mbele ya Nukta, akainua uso, akangoja. Nukta alimtazama paka, akatazama karai lililoonekana kupitia mlango wa bafu, dogo, la bluu, kazi ya dakika mbili kwa siku.

"Haukuwa na kosa," alisema.

Ndani ya tumbo la Fundi pakanyamaza ghafla. Kitu kilikuwa kinasikiliza.

"Nilijua ni mchanga wa karai. Niliposoma tu nilijua. Sikutaka kushika mavi ya paka kila siku miezi minne, nikaona neno lina mlango wa pili, nikapitia huko. Alikuwa analia humo kwenye katoni, nami nikaifunga nikijua."

Mkwaruzo haukurudi; chini ya kiganja cha Fundi mtoto alipiga teke, na Mstaafu akainuka, akaliacha karai.