X Nyekundu kwenye Kibanda cha Mama Cyprian

"Shikamoo mama. Nani kakwambia uvunje?"

"Marahaba. Si X hiyo hapo? Au mie sioni?"

Mama Cyprian alikuwa amepanda kwenye stuli, anang'oa bati la mwisho la kibanda chake cha mihogo ya kukaanga, kando ya mtaro, Mbagala. Aliwahi kubomolewa wakati barabara inapanuliwa, mabati yote yakasagwa na tingatinga. Safari hii, alipoamka na kuikuta X nyekundu ubaoni, hakumngoja mtu. Dar nzima nani asiyejua X nyekundu maana yake ni bomoa?

Aliyemuuliza ni Mauwa, aliyekuja mbio na wanafunzi wake. Alifundisha sera za umma chuoni, na hakuwa mtu wa kuamini kwamba sera inafundishwa darasani tu. Aliwaleta wanafunzi wake mtaani wafuate maji ya mvua mpaka yanapokwama, wakae na wakazi, ndipo waandike pendekezo la kupeleka kwenye mkutano wa mtaa. Jana walipaka alama kila maji yanapokwama. Wakachagua X, tena kwa rangi nyekundu. Wasomi wetu hao.

"Madam, tulikuuliza," mwanafunzi wake Tayyaba alisema kwa sauti ya chini. "Kibanda kilikuwa kimefungwa, sie tukataka tumsubiri mwenyewe. Ukatuambia ameshaambiwa."

Tayyaba alisema kweli. Mauwa akafungua simu. Ujumbe wake kwa Cyprian, mchumba wake, ulikuwepo:

"Mpenzi, wanafunzi wangu watapaka alama kibandani kwa mama. Ni mafunzo tu, asishtuke. Mwambie basi."

Na jibu lake: "Usijali, mama anajua."

Mama anajua. Ndivyo alivyomjibu miaka miwili. Mama anajua nina mchumba. Mama anajua we Mwislamu, hana neno. Na Mauwa, mwanamke mwenye akili zake, aliridhika kumjua mama mkwe kwa picha.

Cyprian akatokea anakimbia, habari zimeshamfikia, bado na ovaroli la gereji. Alimwona mama yake, akamwona Mauwa, akasimama ghafla.

"Cyprian, huyu dada kanijia mbio," mama alisema. "Unamjua?"

Sema, Mauwa alimwomba kimoyomoyo. Sema sasa hivi.

"Ni... ni mwalimu wa chuo, mama."

Iliuma. Mauwa alimsogelea Cyprian, akashusha sauti.

"Hukumwambia habari ya alama, maana angekuuliza umeambiwa na nani. Sivyo?"

"Mauwa, yaishe. Si hapa."

"Wapi, Cyprian? Miaka miwili nangoja uniambie ni wapi."

"Humjui mama wewe. Sie ukoo mzima ni watu wa kanisani. Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Basi ndiyo hii. Mama yako kavunja kibanda kwa mikono yake, ili mie tu nisijulikane."

Mauwa akampa mgongo, akarudi kwa mama.

"Mama, ile X si ya serikali. Ni ya wanafunzi wangu, na kosa ni langu. Nilituma mtu aje akwambie, badala ya kuja mwenyewe. Tutakijenga leo hii."

"Ulimtuma nani?"

Mauwa akainamisha macho. Hasira alikuwa nazo, ila kumtaja mtoto wa watu mbele ya mama yake ulimi ulikataa. Tayyaba kakumbatia kopo la rangi.

"Mie," Cyprian alisema mwishowe. "Alinituma mie, mama. Anaitwa Mauwa. Ni mchumba wangu, mwaka wa pili huu. Nilikuficha kwa ajili ya dini."

Mama alishuka kwenye stuli taratibu, akafuta jasho kwa upande wa kanga.

"Dini? Shangazi yako kaolewa na nani kule Masasi? Si Mwislamu? Idi tunakula kwake kila mwaka." Akatikisa kichwa. "Usisingizie dini, mwanangu. Woga wako huo. Ungeniuliza tu."

Kisha akamgeukia Mauwa.

"Binti, baada ya haya yote, bado unamtaka?"

Mauwa alitaka kusema hapana. Haikutoka.

"Namtaka, mama. Ila kwa leo simwamini."

"Basi tuko wawili," mama alisema, akamkabidhi Cyprian nyundo.