Sauti ya Yusuf Nyuma ya Jiko

Harufu ya sufi inayoungua ilimfikia Nelima katikati ya moshi wa nyama, saa tisa mchana, na kwanza alidhani ni pua yake tu. Alikuwa amekagua mablanketi kwa miaka minane katika kiwanda kimoja cha Thika, na sufi ilikuwa imemkaa mwilini kiasi kwamba hata akioga haitoki. Lakini hapa palikuwa Kamakis, mtaa wa nyama choma, kwenye sherehe ya wafanyakazi ya kufunga mwaka. Mbuzi wawili walikuwa juu ya makaa, muziki ulikuwa juu, na watu sitini waliozoeana kwa ovaroli walikuwa wanatazamana nguo. Nani angechoma sufi hapa?

"Unasikia hiyo harufu?" alimwuliza Wavinya, aliyefanya kazi sehemu ya kufungasha na aliyekuwa pia jirani yake wa nyumba za kupanga kule Ruiru.

"Mimi nasikia njaa peke yake," Wavinya akasema. "Na wewe wacha kuangalia huko. Utamtoboa mtu wa watu."

Nelima akashusha macho. Alikuwa anamtazama Yusuf.

Yusuf alikuwa fundi wa mashine, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Akitaka kusema jambo la maana ulimi ulimkwama, ikabidi alisukume neno mara mbili, mara tatu. Kila siku saa nne alipita meza ya ukaguzi akiwa na vikombe viwili, akaweka kimoja pembeni mwa mablanketi ya Nelima, akasema, "Chai." Naye Nelima akasema, "Asante." Kwa miaka mitatu, hayo maneno mawili ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote. Nelima alikuwa binti wa mchungaji wa kanisa kule Webuye. Yusuf alikuwa wa Majengo, Thika, wa ukoo ambao msikitini unajulikana kwa majina ya mababu. Kila mmoja alijua nyumbani kwao wangesema nini, basi hakuna aliyesema chochote.

Nyama ilipoiva, Nelima alikwenda kunawa kwenye bomba lililokuwa nyuma ya jiko, upande wa ukuta wa mabati. Alikuwa ameinama, maji yakimchuruzika vidoleni, aliposikia jina lake.

"Nelima."

Aligeuka. Yusuf alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, shati lake la samawati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Miaka mitatu nimekuona," akasema. "Najua unavyokunja mikono ya sweta ukianza kazi. Najua siku ukiwa na huzuni, kwa sababu unakagua blanketi moja mara mbili. Nimechoka kunyamaza. Unanitaka?"

Maneno yalimtoka bila kukwama hata mara moja. Hilo peke yake lilitosha kumtisha mtu, na baadaye Nelima alijilaumu sana kwa kutotishika. Alichohisi wakati ule ni furaha tu, furaha iliyompanda kifuani mpaka macho yakamlowa.

"Sema," akasema yule.

"Ndiyo," Nelima akajibu.

Hapohapo spika zikakoroma upande wa pili wa mabati. Ilikuwa sauti ya Kiilu, msimamizi wao: "Na sasa, mfanyakazi bora wa mwaka huu! Yusuf, kuja mbele! Msione haya kumpigia makofi!" Makofi yakalipuka, watu wakapiga mbinja, kisha kwenye maikrofoni ikasikika sauti nyingine, ya aibu, ikisukuma neno: "A... a... asanteni sana."

Nelima akachungulia kwenye ufa wa mabati. Yusuf alikuwa mbele ya watu wote, amekumbatia sanduku la zawadi, anacheka huku ameinamisha kichwa.

Akageuka polepole.

Aliyekuwa mbele yake hakuwa ameondoka. Alikuwa na uso uleule na shati lilelile, ila sasa Nelima aliona kwamba midomo yake ilichelewa kidogo, ikifuata maneno badala ya kuyatoa, na kwamba ile harufu ya sufi inayoungua ilikuwa ikitoka ndani ya kinywa hicho.

"Usimsikilize huyo," kikasema. "Mimi ndiye uliyenijibu."

Wavinya alimkuta ameketi kwenye matope ya bomba, mkono mdomoni. Wakasema ni jua. Wakampa soda.

* * *

Kiwanda kilifungwa majuma mawili. Jumatatu, saa sita mchana, Nelima akiwa anachambua mchele chumbani kwake Ruiru, watoto wakicheza mpira wa kati nje na redio ya jirani ikitangaza vifo, sauti ya Yusuf ilisema nyuma ya pazia lililogawa kitanda na jiko: "Umesahau chumvi."

Sinia likamwanguka. Alikimbilia nje, akasimama uani jua likimchoma utosini, na hakuthubutu kurudi mpaka Wavinya aliporejea kutoka sokoni.

"Mbona umesimama hivyo kama nguzo?" Wavinya akauliza. Kisha akacheka, akapunguza sauti. "Ama una mgeni? Nikipita nyuma ya nyumba sasa hivi nimesikia mwanaume akiongea kwako. Sauti tamu hiyo. Si uniambie tu, mimi ni rafiki yako."

"Umemsikia?" Nelima akanong'ona. "Wavinya, umemsikia kwa masikio yako?"

"Ukuta ni mbao, wee. Nimesikia akikuita mpenzi."

Ndipo Nelima akajua kwamba hana wazimu, na kujua huko kukamwogopesha kuliko wazimu wenyewe.

Alijaribu maombi, kikasubiri amalize na kikaitikia amina. Alijaribu kulala kwa Wavinya, kikabisha hodi ukutani taratibu, kikimtaja jina mpaka watoto wa Wavinya wakaanza kulia. Lakini jambo ambalo Nelima hakumwambia mtu yeyote, na ambalo lilimfanya aone haya hata mbele ya Mungu, ni kwamba ilipofika siku ya tano hakuwa akikimbia tena, alikuwa akiketi kwenye stuli mchana kutwa akilitazama lile pazia lisilotikiswa na upepo, huku sauti aliyoitamani miaka mitatu ikimweleza yote aliyotamani kuambiwa, vile angepikiwa akiugua, vile watoto wao wangeitwa, na harufu ya sufi inayoungua ikizidi kumjaa puani mpaka chakula kikakosa ladha na maji yakawa na ladha ya majivu, na bado akabaki ameketi, akisikiliza.

Siku ya sita kikaanza kupumua.

Kabla ya hapo kilikuwa kikisema bila pumzi, kama redio. Sasa nyuma ya pazia alisikia kifua kikipanda na kushuka. Siku ya saba kikakohoa kikohozi cha Yusuf, kile cha vumbi la sufi.

"Nakaribia," kikasema. "Kiwanda kikifunguliwa, nitaingia kazini mimi. Hakuna atakayejua. Wewe tu."

"Na Yusuf?" Nelima akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kukijibu tangu siku ya sherehe.

"Mimi ndiye Yusuf."

"Yule mwingine."

Kisha pazia likavimba kidogo, kama uso umelisukuma kwa ndani.

"Yule hakuwahi kukuambia kitu," kikasema. "Kwa nini unamhurumia?"

Simu ya Nelima ikalia ujumbe. Alikuwa Kiilu, akiwaandikia wafanyakazi wote: Tumwombee mwenzetu Yusuf. Yuko kwao Majengo. Ana siku saba sauti imekatika kabisa, na sasa pumzi inamsumbua. Daktari amepima hakuna kitu.

Nelima alisoma ujumbe ule mara mbili. Kisha akachukua leso na viatu, akatoka bila kufunga mlango.

* * *

Nyumba ya kina Yusuf ilikuwa katika uchochoro nyuma ya msikiti, mlango wa kijani. Alifunguliwa na shangazi wa Yusuf, Mwanarusi, mwanamke mnene wa miaka sitini aliyesifika mtaani kwa kuwasomea wagonjwa Kurani. Mwanarusi alimtazama mgeni, akavuta hewa puani, uso ukabadilika.

"Hii harufu umekuja nayo wewe," akasema. "Siku saba naitafuta kitandani kwa mtoto wangu, na chanzo chake ni wewe. Ingia. Wewe ni nani?"

"Naitwa Nelima, mama. Nafanya kazi naye."

Yusuf alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni, amekonda, shingo imebaki mishipa. Alipomwona Nelima akajaribu kuinuka. Midomo ilifunguka, hakikutoka kitu.

"Sema ukweli wote," Mwanarusi akamwamuru. "Ukificha kidogo, huyu tutamzika."

Basi Nelima akasema. Akiwa amepiga magoti kwenye mkeka wa nyumba ya watu, mbele ya mwanamume ambaye hakuwahi kumwambia zaidi ya asante, alieleza kilichotokea nyuma ya jiko, alichoulizwa na alichojibu, na kwa nini alijibu. Hakuweza kumtazama Yusuf. Alizungumza akitazama mikono yake mwenyewe, mpaka maneno yakaisha.

Mwanarusi hakumkemea. Alisugua goti lake.

"Wapo majini wanaokaa karibu na watu wenye neno wasilolisema," akasema. "Wanalisikia ndani yenu kabla hamjaambiana wenyewe kwa wenyewe. Huyu amevaa sauti ya Yusuf, wewe ukampa ndiyo ambayo haikuwa yake. Sasa anajenga mwili kwa pumzi ya Yusuf mwenyewe. Dawa ipo. Lakini ina bei, binti yangu, na mlipaji ni wewe."

"Nitalipa."

"Sikiliza kwanza. Nitamwita aje kwenye kinywa cha Yusuf. Utamkataa mara tatu, ukimtazama usoni. Atakuomba, atalia. Usilegee. Na ukishamkataa, umeikataa sauti hii maisha yako yote. Siku utakayomwambia ndiyo mwenye sauti hii, hata awe ni Yusuf mwenyewe na akili zake timamu, umemfungulia jini yule mlango, na hatatoka tena. Umenielewa?"

Nelima sasa akamtazama Yusuf. Yusuf alikuwa akitikisa kichwa, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, hapana, hapana.

"Nimeelewa," Nelima akasema.

Mwanarusi aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, akamnywesha Yusuf maji hayo, ndiyo kombe. Akafukiza ubani. Akaanza kusoma, sauti ya chini, isiyokatika. Nje ilikuwa adhuhuri kamili. Mtu alikuwa akipiga misumari kwenye paa, na muuza mboga alikuwa akiita wateja. Halafu misumari ikanyamaza, na muuza mboga akanyamaza, na chumba kikajaa harufu ya sufi inayoungua mpaka macho yakawasha, na Yusuf akaketi wima pale kwenye godoro, mtu ambaye tangu jana hakuweza kushika kikombe, akamgeuzia Nelima uso uliokuwa ukitabasamu huku machozi yakimtiririka, kana kwamba macho yalikuwa ya mmoja na mdomo wa mwingine.

"Mpenzi," kikasema. "Umeniacha peke yangu nyumbani. Turudi."

"Sikutaki," Nelima akasema.

Tabasamu halikuondoka. Sahani ikapasuka yenyewe. "Nani mwingine atakayekuambia nilivyokuambia? Utazeeka ukisubiri kwenye ile meza. Utakufa hujaitwa mpenzi na mtu yeyote. Ni mimi tu niliyekusemesha, Nelima, mimi tu, na unajua, unajua ulivyokaa ukinisikiliza."

Alijua. Mwanarusi alipandisha kisomo, jasho likimdondoka kidevuni.

"Sikutaki."

Ukelele ukatoka kwenye kinywa kile, mrefu, wa mashine inayosaga chuma, na mabati ya paa yakatetemeka. Kisha ukakatika. Mwili wa Yusuf ukalegea. Tabasamu likaanguka usoni, na kikabaki kitu kichovu, chenye midomo mikavu, kikihangaika kusukuma neno.

"Ne... Ne... Nelima," kikasema kwa sauti iliyokwaruza. "Ch... chai."

Mwanarusi hakunyamaza kusoma. Alimtazama Nelima tu, akangoja.

Nelima alimtazama Yusuf machoni, muda wa kuvuta pumzi moja na kuitoa.

"Sikutaki," akasema.

Kitu kizito kikapita kati yao na kutokea mlangoni, kikilisukuma pazia nje kama ng'ombe anayetoka zizini. Uchochoroni mbwa wakabweka, wakifuatana kuelekea mtoni, mbali, mbali zaidi. Misumari ikaanza tena juu ya paa. Na Yusuf akavuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyeopolewa kutoka kwenye maji, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe.

* * *

Kiwanda kilipofunguliwa Januari, Nelima aliomba kuhamishiwa bohari ya Ruiru. Kiilu alishangaa, lakini akaidhinisha. Siku yake ya mwisho Thika, alikuwa akiondoa vitu vyake kwenye kabati la chuma Yusuf alipokuja akasimama upande wa pili wa meza ya ukaguzi. Alikuwa amerudisha mwili kidogo. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Sh... shangazi alikuambia ni yule jini utakayemkataa mara zote tatu," akasema. "Si kweli. Mara ya tatu alikuwa ameshaniachia mdomo. Mara ya tatu ni... nilikuwa mimi."

"Nilijua," Nelima akasema.

Mashine zilikuwa bado hazijawashwa, na ukumbi ule mkubwa ulikuwa kimya kiasi cha kusikia ndege juu ya mabati.

"Ulijua? Na ukasema?"

"Ulikuwa unakufa, Yusuf."

Alimwona akikusanya maneno, polepole, kwa taabu, moja baada ya jingine, na akayajua yote kabla hayajafika. Akanyoosha mkono juu ya meza, karibu na mdomo wake, bila kumgusa.

"Usiniulize," akasema. "Tafadhali. Ukiniuliza, nitajibu ndiyo."