Shimo la Sentimita Mia Themanini na Nne

Mtu akiniambia mashetani hukaa makaburini na kwenye magofu, mimi humcheka. Mimi yangu niliyaona kwenye kompyuta, saa nne asubuhi, ofisini mtaa wa Al-Sulay, chai ya maziwa ikiwa mezani na watu wakibishana kuhusu mpira. Niacheni niwaeleze, na msinikatize. Nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika sirudii.

Naitwa Wambua. Ni dereva wa kampuni ya kupima ardhi hapa Riyadh, mwaka wa sita sasa. Aliyepatwa na mambo haya ni shemeji yangu Hezekiah, mume wa dada yangu Serah. Kazi hiyo ni mimi niliyemtafutia. Alikuwa mpimaji wa kusomea, mtu mrefu, mpole, wa kukuambia "pole" hata kama wewe ndiye umemkanyaga. Tulikaa chumba kimoja mtaa wa Malaz. Serah alikuwa Machakos na mimba ya miezi saba, na kila jioni kabla ya kukata simu aliniambia maneno yale yale: "Wambua, unirudishie bwanangu salama." Nami nilimjibu, sawa, kwani ni mtoto huyu?

Jumatatu hiyo Hezekiah alikuwa anaingiza data za miinuko kwenye programu ya upimaji. Nitaeleza kwa lugha ya dereva. Droni inaruka juu ya kiwanja na kuokota vipimo mamilioni, kila nukta na kimo chake. Nukta hizo zinawekwa kwenye faili. Mpimaji anaipakia ile faili, anachagua ukanda wa ramani, anabonyeza, anangoja. Ardhi yote inainuka kwenye skrini, vilima na mabonde yake, na rangi zake. Kiwanja chenyewe kilikuwa nje ya Jeddah, jangwa tupu, ambako bosi mmoja alitaka kujenga maghala.

"Shemeji," Hezekiah aliniita. "Hebu kuja uone kitu."

Kiwanja kilikuwa tambarare kabisa, isipokuwa katikati. Hapo palikuwa na tuta jembamba, na kando yake shimo. Vililala sambamba, kingo zimenyooka. Hezekiah alivuta kipimo juu ya tuta, kutoka mwisho hadi mwisho. Sentimita mia sabini na sita.

Namba hiyo niliijua. Kabla ya Hezekiah, faili hiyo ilikuwa ya Pius, mpimaji Mtanzania wa Moshi. Pius alifia kwenye kiwanja hicho hicho mwezi wa kumi na moja, ameketi kivulini mwa gari, akiwa mzima wa afya. Daktari akasema ni moyo. Mimi ndiye niliyeendesha maiti yake hadi uwanja wa ndege, na karatasi ya hospitali niliisoma mara nyingi nikingoja mhuri. Urefu wa marehemu, mia sabini na sita.

"Droni iliruka lini?" nikamuuliza.

"Mwezi wa tisa."

Mwezi wa tisa Pius alikuwa hai, tukila naye wali mchana. Hezekiah akasogeza kipimo, akapima shimo. Mia themanini na nne.

"Huo ni urefu wangu," alisema polepole. "Nilishajipima kwa tepu."

Data za droni huwa na makosa, na programu ina amri ya kujaza mashimo ya uongo. Hezekiah akajaza. Ardhi ikawa sawa. Akafunga faili, akaifungua. Shimo lilikuwa pale pale. Akajaza tena, mara tatu. Alipiga simu kwa mafundi wa Jeddah wakatutumia video ya mahali penyewe, na palikuwa mchanga mtupu, hata kifuniko cha soda kingeonekana.

Akaenda kwa Bosi Yassir kuomba mtu mwingine apelekwe kupiga bikoni, zile alama za mipaka. Bosi hakuinua hata macho. "Jumapili asubuhi, Jeddah. Hutaki, halas, narudisha karatasi zako kwa kafili." Kafili ndiye mdhamini wa kibali chako; akikukataa, unarudishwa kwenu. Hezekiah angemwambia bosi nini? Kwamba kuna kaburi ndani ya kompyuta?

Sasa mimi nikaanza kutafuta mchawi. Sikutafuta mbali.

Baada ya Pius kufa, faili ilimfikia Hezekiah kwenye flashi ya Japheth. Huyu Japheth alikuwa mpimaji mwenzake Hezekiah, mtu wa Kitale, mfupi, mcheshi kupita kiasi. Pius alipokufa kila mtu alijua Japheth ndiye atakuwa mkubwa wa wapimaji, bosi akamchagua Hezekiah. Japheth alicheka tu, akasema sisi Wakamba tumetupa kitu kwenye chai ya bosi. Wakati ule nilicheka naye. Lakini wiki ile nilimkuta mara mbili kwenye kompyuta ya Hezekiah, mwenyewe ameenda kunawa mikono baada ya kula. Mara zote mbili aliifunga skrini haraka. "Naangalia kitu kidogo," alisema.

Kitu kidogo! Nilirudi kwa shemeji na hasira zangu. Tukaacha kula chakula cha Japheth. Akileta chapati, tunasema tumeshiba. Akitusalimia kwa mkono, tunashika simu. Na yeye alizidi kutufuata, akimwangalia Hezekiah kama mtu anayeangalia mgonjwa.

Alhamisi nikasema neno ambalo nalijutia hadi leo. Tulikuwa wawili ofisini, wengine wameenda kuswali adhuhuri.

"Ukifuta linakataa," nilinong'ona. "Je, ukilipunguza?"

"Kulipunguza kivipi?"

"Lisikutoshe wewe."

Alinitazama. Mpimaji, aliwahi kunifundisha, habadilishi data ya kiwanjani. Anaweza kuisafisha, anaweza kuikataa, lakini hachukui namba akaweka nyingine kutoka kichwani mwake. Huo kwao ni wizi. Lakini nilimwona akifikiria tumbo la dada yangu.

"Nipunguze hadi ngapi?"

Nilikuwa nayo picha kwenye simu, Japheth akichekea kamera, amesimama na ufito wa vipimo mgongoni. Namba zilisomeka wazi juu ya kofia yake. Nikamwekea mezani. Mia sitini na tatu.

Hakuuliza zaidi. Akashika zile nukta za ukingo, akazivuta moja moja. Akahifadhi. Akafunga. Akafungua.

Mia sitini na tatu. Lilikubali.

Jioni ile nilimwambia Serah aanze kuchagua jina la mtoto. Nililala kama gogo, na hilo pia najutia.

Ijumaa mchana mlango wetu ukagongwa. Alikuwa Japheth, ameshika ukuta. Uso ulikuwa rangi ya majivu, midomo imekauka na kupasuka. Tulimkalisha kitandani kwa sababu hakuweza kusimama.

"Ndugu zangu, niombeeni," alisema. Sauti ilitoka kwa shida. "Tangu jana nasikia mchanga mdomoni. Nasukutua, unarudi."

Akatema kwenye kitambaa. Niliuona. Mchanga mweupe, laini, umelowa mate.

Hezekiah alikaa sakafuni.

"Na kuna jambo," Japheth aliendelea. "Nilikuwa sitaki kukutisha. Kwenye ile data yako ya Jeddah kuna shimo, na nimelipima, na nikaona ni la kimo chako. Wiki nzima nimekuwa nikijaribu kulifuta wewe ukitoka. Linakataa. Nisamehe. Niliona mnanikwepa nikadhani mmeshajua, na mnaniona mimi ndiye mkosi."

Jameni. Nilitaka ardhi ipasuke. Siku zote nilizomwona akifunga ile skrini, alikuwa anampigania shemeji yangu, na mimi nikamlipa na ufito wa vipimo.

Hezekiah aliinuka, akachukua funguo za ofisi. Nilimfuata hadi kwenye ngazi, nikamshika mkono.

"Usifanye," nilimwambia kwa sauti ya chini, mlango ukiwa wazi nyuma yetu. "Acha limchukue yeye. Serah je? Mtoto je?"

"Serah hakuolewa na muuaji, Wambua."

"Mimi nilimwahidi!"

"Ulimwahidi wewe," alisema, akanitoa mkono taratibu. "Pole, shemeji."

Mpimaji hatupi faili ya asili. Alikuwa nayo. Nilimpeleka Al-Sulay kwa gari, barabara nyeupe kwa jua, maduka yamefungwa. Akaipakia upya ile data ya kwanza. Ukanda wa ramani, bonyeza, ngoja. Ardhi ikainuka. Mia themanini na nne. Aliitazama, akazima kompyuta, akasema ana njaa.

Tuliporudi Malaz, Japheth alikuwa jikoni akikaanga mayai. Alikuwa ametema mchanga wa mwisho, akasema, saa tisa kasoro dakika tano. Ndiyo dakika ambayo Hezekiah alibonyeza.

Nilifanya nilivyoweza. Nilimwambia asiende Jeddah. Nilimwambia nitatoboa tairi zote nne. Alisema asipoenda yeye atapelekwa Japheth peke yake, na hatujui shimo likikosa mtu linafanya nini. Jumamosi tukaendesha watatu, njia nzima nikimkagua Hezekiah kwenye kioo.

Jumapili, saa tatu asubuhi. Januari, kuna upepo wa baridi. Tulikubaliana asikaribie katikati ya kiwanja. Nilifunga kamba kuzunguka pale, nikasimama karibu nayo kama mlinzi. Japheth alikuwa upande mmoja na daftari. Hezekiah alikuwa ukingoni kabisa, mita mia mbili kutoka kwetu, ameshika nguzo ya GPS.

Alinipungia mkono. Nikampungia.

Nikageuka kuchukua chupa ya maji. Sekunde tatu. Nne.

Nilipotazama tena, nguzo ilikuwa imesimama. Peke yake. Hezekiah hakuwepo.

Nilikimbia. Nikaangalia kila upande. Hapakuwa na nyayo zaidi ya zetu. Kisha Japheth akapiga kelele, akionyesha nyuma yangu.

Alikuwa ndani ya kamba yangu. Amelala chali, mikono kando, miguu pamoja, macho wazi. Kamba haikukatika. Mchanga uliomzunguka haukuwa na alama hata ya kidole. Nilimwinua kichwa nikimwita, na mdomo wake ukafunguka, na ulikuwa umejaa mchanga mpaka kwenye meno.

Hospitali waliandika ameuawa na jua. Januari, saa tatu asubuhi, eti jua. Nikaendesha maiti nyingine hadi uwanja wa ndege. Nilipompigia Serah, sikuweza kusema. Alinisikia nikipumua tu, akaelewa, akapiga ukunga ambao bado nausikia nikiwasha gari. Mtoto alizaliwa wiki tatu baadaye, mvulana. Serah hajaniongelesha tangu mazishi. Hajui hata nusu ya haya.

Japheth alibaki Jeddah kumaliza kazi. Mimi nikarudi Riyadh. Sijui kama Hezekiah alimwambia Japheth habari ya ile picha. Sijui kama siku ile alipokuwa amelala chumbani kwetu, mlango ukiwa wazi, alinisikia kwenye ngazi nikisema acha limchukue yeye. Hajawahi kuniuliza.

Wiki iliyopita akanipigia, asubuhi, nikiwa napakia fito kwenye gari.

"Wambua. Droni imeruka tena. Nimepakia data mpya. Sasa kuna matuta mawili."

"Na shimo?"

Aliuliza, kwa upole kabisa, "Wewe una urefu gani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Niambie tu."

Nilidanganya. Nikasema mita moja na sentimita themanini. Upande wa pili nilisikia vidole vikigonga kibodi kidogo. "Ahsante," alisema, akakata.

Kama alikuwa analinganisha, au alikuwa anavuta nukta kama tulivyomvutia yeye, sijui. Nimempigia mara nyingi. Hapokei.

Kesho yake nikatoka kwenda kwenye gari. Ulikuwa umepita upepo wa vumbi, pikapu imefunikwa yote. Kwenye ubavu wa boksi la nyuma mtu alikuwa amechora mstari kwa kidole, mmoja, wa kulala, ulionyooka. Nikasimama kando yake. Ulinigusa utosini. Nikauosha. Asubuhi iliyofuata ulikuwepo tena, na Japheth yuko Jeddah, kilomita mia tisa na zaidi, na chini ya gari hapakuwa na nyayo ila zangu.

Bosi Yassir ameshanipangia safari. Jumapili, Jeddah, yalla. Leo nimechukua tepu nikaupima ule mstari kutoka chini. Ni mia sabini na moja. Hapa Saudia hakuna mtu niliyewahi kumwambia urefu wangu wa kweli.