Mkeka wa Mama Kunigunda

Mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa, Lundo, maji ya pipa la jirani yetu Ottilia yaligeuka kijani. Akayamwaga, akajaza mengine. Wiki mbili hazijaisha, loo, kijani tena! Mtoto wake naye akaanza kuumwa tumbo.

"Pipa likae wazi," alisema Ottilia. "Jua linakausha usipa, dagaa wetu wa ziwani. Litashindwa na uchafu huu?"

Lakini mkwewe, Mama Kunigunda, alikuwa akilifunika kwa mkeka. Ottilia akiutoa, bibi anaurudisha. Siku moja Ottilia alichoka.

"Mama, unaficha nini humo?"

Jirani akasikia. Kufika jioni, kijiji kizima kilisema bibi anaroga maji. Mama Kunigunda alifunga mzigo wake, akapanda milima kwenda kwa kaka yake, kijiji cha Mapera. Hakumuaga mtu.

Pipa likabaki wazi. Maji yakazidi kuwa kijani.

Bwana Afya, mgeni kutoka Tanga, alipopita, Ottilia alimwonyesha. Yule bwana akaosha pipa, akajaza maji, akayachota katika chupa mbili. Moja aliizungushia kitambaa cheusi. Zote akaziweka juani.

Alirudi baada ya wiki mbili. Chupa iliyo wazi ilikuwa kijani. Ile ya kitambaa ilikuwa safi.

"Huu si uchawi," alisema. "Ni mimea midogo mno. Kila mmoja umerithi maagizo ndani yake. Mwanga ni kama mjumbe wa nyumba kumi. Akipiga hodi, maagizo yanaamka: tengeneza rangi ya kijani, jilishe, ongezeka! Gizani, mengi ya maagizo hayo hulala."

"Kumbe nilipofunua pipa..."

"Uliyaamsha, mama. Funika. Tena chemsha maji ya kunywa, hata yakiwa maangavu. Vijidudu vya tumbo havionekani kwa macho."

Ottilia alilia mbele ya mgeni. Aliona aibu, lakini alilia.

Alilifunika pipa kwa mkeka uleule. Akachemsha maji. Mtoto akapona, na majirani wakaanza kufunika mapipa yao. Basi akajaza kibuyu, akapanda hadi Mapera. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Nimekukosea. Wewe ndiye uliyejua."

Mama Kunigunda alipokea kibuyu. Akanywa, akafuta mdomo.

"Maji mazuri," alisema, akaingia ndani.

Ottilia alibaki amepiga magoti uani, akingoja aitikiwe marahaba. Hakuitikiwa.