Funguo Zote Mfukoni mwa Mtu Mmoja

Msimamizi wa jengo la maduka aliamka amechoka, kama kawaida yake. Alipovaa suruali, ilining'inia upande mmoja kwa uzito wa funguo. Wapangaji walimwita Bwana Funguo. Lifti ikikwama, aliitwa yeye. Bomba likipasuka, yeye. Hata chai yake hakuwahi kuimaliza kabla haijapoa.

"Wafundishe na wengine," dada yake mkubwa alimwambia. Dada huyo alikuwa fundi cherehani, ghorofa ya nne ya jengo hilohilo. Mguu wake mmoja ulikuwa dhaifu, kwa hiyo alitembelea gongo.

"Wataharibu. Mimi najua kila kitu. Kimo humu kichwani."

"Na kichwa chenyewe kinasinzia, mdogo wangu."

Siku moja homa ilimshika, akaenda zahanati. Akiwa kwenye foleni, simu iliita. Moshi ulikuwa ukitoka chumba cha umeme, karibu na ngazi kubwa. Watu walikimbilia ngazi ya nyuma. Lakini mlango wa huko ulifungwa kwa kufuli, kwa kuogopa wezi. Ufunguo alikuwa nao yeye.

Alikimbia hadi pumzi ikamwisha. Alipofika, zimamoto walikuwa wameshakata kufuli na kuzima moto. Hakuna aliyekufa. Dada yake alikuwa amekaa kando ya barabara, uso umejaa masizi, anakohoa. Gongo hakuwa nalo.

"Kila mtu alinipita," alisema taratibu. "Siwalaumu. Hakuna aliyeambiwa anishike mkono."

Msimamizi alikaa kando yake. Funguo zilimchoma pajani.

Jioni jirani yao, askari wa zimamoto, alikuja kuwajulia hali.

"Kosa langu ni kuumwa," msimamizi alimwambia.

"Kuumwa si kosa, kaka. Kosa ni jengo zima kutegemea kwamba hutaumwa." Jirani alivuta kiti. "Mlango wa dharura ufunguke kwa ndani bila ufunguo. Wezi watafutie dawa nyingine. Kila ghorofa iwe na mtu wa kuwaongoza wenzake, na mwingine wa kushika nafasi yake asipokuwepo. Wengine pia wajue kuzima umeme wa jengo. Moto ukitokea, lifti isitumike. Wote wakutane mahali pamoja nje, wahesabiwe. Na huyu dada, nani anamshusha?"

"Mimi si gunia," dada alisema.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Ungependa ushushwe vipi?"

Alifikiri. "Kwenye kiti imara. Watu wawili. Na gongo langu lije."

Mwenye jengo alinung'unika, kisha akabadilisha mlango. Wapangaji nao walinung'unika siku ya mazoezi ya kutoka nje moto ukizuka.

"Tuwaache wateja tukacheze michezo ya watoto?" aliuliza muuza viatu. Kengele ilipolia, alirudi dukani kuchukua mzigo wake. Wengine walijazana kwenye lifti. Wakarudia tena, na mwezi uliofuata tena. Msimamizi aligawa nakala za funguo na kuwafundisha wenzake swichi kuu. Kila ufunguo aliotoa ulimuuma kidogo.

Kisha ikaja siku yake ya mapumziko. Alikuwa amelala simu ilipoita. Ni dada.

"Mdogo wangu, usikimbie. Stoo ya muuza viatu imeshika moto. Tuko nje wote, tumehesabiwa. Umeme umezimwa, na zimamoto wako ndani."

"Na wewe?"

"Nimeshushwa kama bibi harusi. Muuza viatu mwenyewe kashika kiti upande mmoja, anahema njia nzima. Stoo yake inawaka, hakugeuka nyuma."

"Gongo je?"

"Ninalo mkononi."

Alikaa kitandani, akavuta suruali kutoka kwenye msumari. Ilikuwa nyepesi.

"Nije?"

"Njoo. Lakini kunywa chai kwanza."

Akainywa ingali moto, mpaka tone la mwisho.