Aliyezikwa Amenipima Presha

Saa saba na dakika arobaini mchana, mgawa chakula aliingia wodi ya wanaume kukusanya sahani, akakuta ya kitanda cha sita haijaguswa. Mwenye kitanda, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiwatega wenzake vitendawili tangu alipolazwa, alikuwa amelowa jasho, mdomo wazi, hapumui. Daktari alikuja mbio. Alimtoboa kidole, akapima sukari, akaitazama mashine mara mbili.

"Huyu amepewa insulini ya kutosha watu kumi," alisema, akavuta shuka.

Maiti haijatolewa wodini, karatasi ikawa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ilikuwa rekodi ya nidhamu ya muuguzi aliyemchoma mzee sindano ya mchana, yule waliyemwita Kimya. Miaka sita iliyopita, katika hospitali nyingine, alizidisha dozi ya insulini. Alisimamishwa kazi miezi mitatu.

Waliosoma waliona hakuna tena cha kuuliza. Kikao cha dharura kiliitishwa saa kumi, na afande wa upelelezi alikwishafika. Kimya akitoka pale na hatia, leseni imekwenda na yeye amekwenda, na binti yake wa darasa la tatu hana mwingine duniani.

Katika masjala alikaa karani mmoja mnene, mpole, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Walimwita Mama Faili. Kila Januari aliingia kwenye rejesta ya Baraza la Wauguzi, akaandika namba ya leseni ya kila muuguzi, akaangalia kama iko hai na kama ina doa, kisha akagonga muhuri: IMEHAKIKIWA. Rekodi za nidhamu hazikumfungukia kila mtu. Zilitaka neno la siri la hospitali, na waliolijua walikuwa wawili: yeye na Sista Mkuu wa wodi.

Ndiyo maana aliposimama mbele ya ubao, macho ya watu yalimgeukia yeye. Sista Mkuu nani angemdhania ubaya? Alikuwa mama wa wodi, mtu wa watu. Walimjua kwa udhaifu mmoja tu, kuogopa uzazi. Mwaka jana mjamzito alijifungulia kwenye benchi la mapokezi, Sista Mkuu akakimbia kumwita mfagiaji, na wodi ikacheka mwezi mzima.

Mama Faili aliibandua ile karatasi, akailaza juu ya nyingine ya kawaida. Ilipungua vidole viwili kwa chini. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi, taratibu, imenyooka.

Alimkuta Kimya kwenye stoo ya mashuka.

"Mwanangu, mzee ulimchoma saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Yuniti kumi, niliandika kwenye chati. Sista Mkuu akaniambia nikale, atanishikia wodi. Nilirudi saa saba na nusu, nikaona mzee ametulia. Nikadhani amelala." Alifuta uso kwa foronya. "Ningemgusa tu, mama. Ningemgusa mkono ningejua."

"Na hiyo ya miaka sita?"

"Ni kweli."

"Huna la kuongeza?"

"Nani atalisikiliza?"

Mgonjwa wa kitanda cha saba alikuwa na bandeji machoni. "Sikuona kitu," alisema, "lakini masikio sijafungwa. Baada ya sindano ya kwanza mzee alikaa kitambo, kisha nikamsikia: 'Sindano tena?' Hakujibiwa."

Kwenye kompyuta ya wodi alikuwepo muuguzi wa kiume, Chapuchapu. Alipomwona karani, akazima kioo haraka, lakini karani alikwishaiona rejesta ya Baraza.

"Kaka, unatafuta nini kwenye rejesta?"

"Mama, usinimalize."

"Hata sijakuanza."

Chapuchapu akainama. "Leseni yangu imelala tangu mwezi wa tatu. Naomba kuihuisha kabla hujagundua. Tangu asubuhi nahangaika hapa."

"Karatasi ya Kimya umeichapa wewe?"

"Kwa neno la siri lipi? Mimi nikiingia naiona aibu yangu peke yake."

"Na saa sita na nusu mpaka saa saba na nusu ulikuwa wapi?"

"Chumba cha vidonda, na daktari. Muulize. Nilimshikia mguu wa mtu saa nzima, mkono bado unaniuma."

Daktari aliulizwa, akakubali.

Saa tisa, binti wa marehemu alikuja masjala kuchukua hati ya baba yake. Mama Faili alimpa kiti, akamwacha alie mpaka alipopata pumzi.

"Leo ulimwona, dada?"

"Saa tano nilikuwa naye. Akanitega kama kawaida yake. Akasema, 'Kitendawili: aliyezikwa amenipima presha asubuhi.' Nikamwambia, baba, hizo ni homa. Akasema, 'Sina homa. Jina lililo kwenye beji yake nililifundisha mimi, na mwenyewe nilimzika mimi. Nimemwambia usoni.' Nikacheka tu. Nilimcheka baba yangu."

Kalamu ya Mama Faili ilisimama. Waliopima presha asubuhi walitia sahihi kwenye chati. Aliteremka wodini akaisoma. Kitanda cha sita, saa mbili na robo: Sista Mkuu.

Alirudi, akaingia kwenye rejesta kwa neno la siri la hospitali. Pembeni palikuwa na orodha ambayo wengi hawakuijua: kila jina lililowahi kuulizwa, na saa yake. Aliisoma kwa kidole. Kisha akaifungua upya rekodi ya Kimya, akafika mpaka chini, pale mkasi ulipopita. Mwisho akaandika namba ya Sista Mkuu. Leseni hai. Nidhamu safi kama sahani isiyowahi kuliwa. Taaluma: muuguzi na mkunga.

Mkunga, na akamkimbilia mfagiaji.

Saa kumi kamili walikuwa watano chumbani: daktari, afande, Sista Mkuu, Kimya na Mama Faili.

"Sista, rekodi hii uliifungua wewe?" karani aliuliza.

"Niliifungua. Mzee alipokufa nikasema ngoja nione nina watu gani wodini."

"Baada ya kufa?"

"Saa nane hivi."

Mama Faili akamsogezea afande orodha. "Hapa pameandikwa saa tano na dakika hamsini na mbili. Wakati huo mzee alikuwa hai, sindano ya mchana haijachomwa. Karatasi ya kumlaumu Kimya ilikuwa tayari kabla ya kosa."

Mama Faili akailaza karatasi iliyokatwa kando ya orodha.

"Ulikata saa iliyochapwa chini, ukasahau kwamba rejesta ina kumbukumbu yake. Na mstari uliokwenda na mkasi unasema hivi: 'Kosa liliripotiwa na muuguzi mwenyewe, mgonjwa akaokolewa.'" Akageuka taratibu. "Mwalimu alikuambia alimzika mwenye jina hilo. Alikuwa nani wako?"

Sista Mkuu aliivua beji, akaiweka mezani, kifudifudi.

"Dada yangu," alisema. "Mimi nilikuwa naosha vyombo vya upasuaji alipokuwa anafanya kazi. Alikufa akaniachia watoto watatu na cheti kwenye bahasha. Tulifanana. Hakuna aliyeripoti kifo chake kwa Baraza. Nilisoma vitabu vyake vyote, isipokuwa cha uzazi. Alikufa akijifungua, sikuweza kukifungua. Miaka saba sijamdhuru mgonjwa."

"Mpaka leo," daktari alisema.

"Nilimwomba mzee anyamaze. Akasema jina la mwanafunzi wake aachiwe mwenyewe."

Afande alimshika Sista Mkuu mkono, akampeleka mlangoni. Akamkabidhi kwa askari aliyekuwa anangoja nje, akarudi mezani.

Mama Faili alitoa faili jembamba, akatandaza nakala saba za leseni moja, kila moja na muhuri wake.

"Na hizi, afande, ziandike kwa jina langu. Kila mwaka niliuliza namba, namba ikanijibu. Mtu mwenyewe alikuwa mbele yangu, sikumuuliza kitu."

Kimya alizitazama. "Mama, si lazima uzitoe. Hakuna anayejua."

"Wewe miaka sita iliyopita nani alikuwa anajua?"

Kimya alivuta kiti, akakaa karibu naye, na afande akaanza kuandika.